Sauti Kutoka Juu ya Paa

"Leo unaona wangapi?" Marla aliuliza baada ya kuufunga mlango wa kile chumba kidogo cha mbele, ndani ya lori la timu.

Cullen Pruitt alikuwa amekaa kwenye benchi, suti yake ya mbio imeshushwa hadi kiunoni, anakunywa maji. Akayainua yale macho yake ya kijani, macho ambayo kila mara yalimfanya Marla asahau alichokuja kusema.

"Naona Marla wawili, wote wamenuna. Hata sijui nimwoe yupi."

"Sina utani leo, Cullen."

"Mimi ninao. Mtu anayekwenda kukimbia maili mia na tisini kwa saa lazima awe nao." Akamshika mkono, akamvuta karibu. "Kaa hapa. Vidole vyako vya baridi, utadhani tuko kwenye theluji ya Januari."

Marla alikaa. Tangu amjue mwanamume huyu hajawahi kuvutwa mkono akagoma, na jambo hilo lilikuwa likimuudhi. Leo hakuwa na nafasi ya kuudhika. Alikuwa na hofu iliyoamka naye alfajiri, ikamkatalia kahawa, ikamkatalia na mkate.

Tangu Cullen ajibamize ukutani kwenye mashindano ya majuma mawili nyuma, kila alichokitazama alikiona viwili. Taa mbili, milango miwili, vijiko viwili katika kikombe kimoja. Daktari wa timu alimpima akampitisha, maana muda wote wa maswali Cullen alikuwa amelifinya jicho moja kama mtu anayewaza. Jicho moja likifungwa, dunia ilirudi kuwa moja. Siri hiyo waliijua wao wawili tu. Marla aliapa kuitunza siku ileile aliyoambiwa, kichwa cha Cullen kikiwa mapajani mwake, mtu mzima anatetemeka. Katika hali kama hiyo mwanamke anaweza kuapa chochote.

"Hebu tazama," Cullen alisema. Akachukua helmeti yake, akaigeuza. Kwa ndani, kwenye kile kioo cheusi, alikuwa amebandika plasta mbele ya jicho la kushoto. Kwa nje haikuonekana kabisa. "Jana nimeijaribu kwenye mazoezi. Gari moja, mstari mmoja, bendera moja. Safi."

"Na upande wa kushoto unaona nini?"

"Upande wa kushoto nina wewe."

Mwanamke akiambiwa maneno hayo mezani, kwenye mishumaa na mvinyo, huyeyuka moyo. Marla aliyasikia kama maelezo ya kazi. Yeye ndiye aliyekuwa mwangalizi wa Cullen. Kazi yake ilikuwa kusimama juu kabisa, kwenye paa la jukwaa, na kumwambia kwa redio yale ambayo dereva hawezi kuyaona akiwa amefungwa mikanda katikati ya kundi la magari yanayokaribia kugusana. Akisema "ndani", kuna gari kushoto. Akisema "nje", kuna gari kulia. Akisema "salama", Cullen anageuza usukani bila kuangalia, bila kuuliza. Kwa sauti hiyo moja dereva anaishi au anakwenda ukutani na wenzake wote.

"Na ikibanduka?" aliuliza.

"Haitabanduka."

"Utalowa jasho, Cullen. Humo ndani mnaokwa."

"Basi ikibanduka nitasema jua limenipiga machoni. Wewe utajua, wengine watasikia jua tu."

Ilibidi wapange hivyo. Pale kwenye uwanja wa mbio wa Talladega watu hawaji kutazama tu. Nusu yao wamevaa viredio masikioni, wanasikiliza kila neno analoambiwa kila dereva, na ukikohoa wanajua. Ndiyo maana redioni Marla hakuwahi kumwita mpenzi, wala Cullen hakuwahi kumwita kwa jina.

"Acha leo," Marla alisema. Alikuwa amejiahidi hataomba, na sasa anaomba. "Sema unaumwa. Wamwite mtu mwingine."

"Huyo mtu mwingine yuko hapo nje. Bwana mkubwa mwenye timu amemleta toka Georgia, tangu jana anamzungusha kwenye gari langu utadhani bwana harusi. Nikisema naumwa, kesho kiti ni chake. Nikishinda, hakuna wa kunigusa mwaka mzima." Akaushika uso wake kwa mikono miwili. "Ni leo tu, Marla. Baada ya leo nitapumzika, nitatibiwa, nitakuoa, nitafuga kuku ukitaka."

"Hupendi kuku."

"Nitajifunza."

Alikuwa akimbusu mlango ulipogongwa na kufunguliwa papo hapo, kama wanavyobisha akina mama wenye watoto wa kiume. Alikuwa Bi Verna, mama yake Cullen, mjane wa dereva, kofia kichwani na darubini shingoni, mkononi ana mkate uliotiwa vipande vya nyanya, umefungwa kwenye karatasi.

"Kula huu kabla hujaenda," alimwambia mwanawe, kisha akamgeukia Marla. "Wewe hupaswi kuwa juu?"

"Naenda sasa hivi, Bi Verna."

"Nikusindikize."

Marla alijua kusindikizwa huko. Walitembea kati ya malori, Bi Verna akisalimia huku na huku, mpaka walipofika chini ya ngazi.

"Mimi sikuchukii," Bi Verna alisema. "Watu wanadhani nakuchukia. Nimekuwa mke wa dereva tangu nikiwa msichana, na ile redio sikuigusa hata mara moja. Unajua kwa nini?"

"Hujawahi kuniambia."

"Kwa sababu ningemwambia apunguze. Kila kona ningemwambia apunguze. Dereva anahitaji mtu wa kumwambia ukweli upesi, na anayempenda hawezi. Chagua moja, Marla. Uwe mwangalizi wake au uwe mkwe wangu. Vyote viwili siwezi kukupa baraka."

"Sijawahi kumwambia Cullen neno la uongo nikiwa pale juu."

"Najua. Nakusikiliza kila mbio." Akakigonga kile kiredio sikioni mwake. "Leo vilevile nitakuwa juu ya basi letu, kule katikati ya uwanja. Na leo sauti yako inaogopa, hata kabla hujapanda. Sijui ni nini, ila naisikia."

Marla akapanda ngazi bila kugeuka nyuma. Angegeuka, angesema kila kitu.

Juu ya paa waangalizi walisimama bega kwa bega, kila mmoja na hedifoni zake, kila mmoja na mtu wake kule chini. Mawingu mazito yalikuwa yametanda kutoka upande huu wa milima hadi ule. Kulia kwa Marla alisimama Huck Lamar, mwenye kitambi na maneno mengi, na mfuko wa njugu za kuchemsha hauishi mkononi.

"Mbona umepauka, dada? Chukua njugu."

"Sina hamu."

"Unavyomtazama huyo dereva wako, utadhani ameondoka na funguo za nyumba yako."

Bendera ya kijani ikashuka, na magari yote yakaondoka kwa mngurumo mmoja ulioingia kwenye mifupa ya miguu. Marla alibonyeza kitufe chake. Sauti ilitoka laini.

"Ndani. Bado ndani. Ubavuni. Mlangoni. Salama."

Gari la Cullen likasogea kushoto papo hapo, kwenye nafasi ambayo Marla alijua hakuiona.

Ikaendelea hivyo mchana kutwa. Ndani, nje, bado, salama. Mara mbili magari yalipoingia kwa mafundi kubadili matairi, Marla alivuta pumzi. Mara zote yaliporudi kwenye kundi, pumzi ilikatika tena. Kila mtu pale uwanjani alikuwa akiisubiri ile ajali kubwa, ile ambayo gari moja likiyumba linakumba mengine yote, moshi unapanda na kwa dakika nzima hakuna mama anayejua mwanawe yuko wapi. Watu huilipia kiingilio, ingawa hakuna anayekubali ukimuuliza. Marla aliitafuta kwa macho katika kila kona.

Ilipobaki mizunguko michache, Cullen alikuwa wa tatu. Nyuma yake kabisa alikuwepo dereva wa Huck.

"Sikia," Huck alisema, akimgusa kiwiko. "Wangu anaungana na wako kwa nyuma. Mwambie asimwache, atamsukuma mpaka kwenye bendera ya mwisho. Hawa wawili wa mbele hawawezi kuwazuia."

Moyo wa Marla ukaruka kwa furaha bila kumwomba ruhusa. Huck hakuwa mtu wa kudanganya kwenye biashara hiyo. Akabonyeza kitufe. "Wa nyuma yako ni rafiki. Mnakwenda pamoja. Subiri nikuambie."

Redio ikakwaruza.

"Marla."

Hakuwahi kumwita jina kwenye redio. Nywele za shingoni zikamsimama.

"Nakusikia."

"Jua limenipiga machoni."

Akatazama juu ingawa hakuhitaji kutazama. Mbingu ilikuwa ya kijivu kutoka mwanzo hadi mwisho. "Rudia."

"Jua. Limenipiga vibaya. Wewe niambie tu, nitafuata. Imebaki kidogo."

Hata kabla hajajibu, gari la Cullen lilikwepa ghafla kwenda kulia. Halikukwepa kitu chochote. Lilikwepa gari ambalo Cullen peke yake aliliona. Gari la upande wa nje likabanwa, likaukaribia ukuta kwa upana wa kiganja, na msururu mzima nyuma yao ukayumba, ukajirekebisha. Jukwaani watu maelfu kwa maelfu walisimama kwa pamoja. Njugu za Huck zikamwagika miguuni.

"Wako ana nini?"

"Upepo," Marla alisema.

"Hakuna upepo wa hivyo."

Wendell Stroud, fundi mkuu wa timu, akaingia redioni kutoka chini. "Cullen, kuna nini? Gari liko sawa?"

"Liko sawa. Twende."

Marla alifikiri upesi kuliko alivyowahi kufikiri maishani. Akisema ukweli redioni, uwanja mzima utausikia, na Cullen hatapewa tena gari na mtu yeyote. Akimwomba kwa mapenzi aingie kwa mafundi, Cullen atakataa. Akinyamaza, anaweza kushinda, au baada ya dakika moja akawa ndani ya moto yeye na wenzake wasiojua lolote. Kilibaki kitu kimoja ambacho Cullen asingebishana nacho. Na kitu hicho mwangalizi hakifanyi. Mwangalizi anaweza kuchelewa, anaweza kukosea, akasamehewa. Akimdanganya dereva wake mara moja tu, hakuna timu itakayompa tena mahali pa kusimama.

Akabonyeza kitufe.

"Tairi la nyuma kulia linatoa moshi. Ingia kwa mafundi."

Gari likabaki kwenye msururu.

"Una uhakika?"

"Nauona. Ndani salama. Shuka."

Akashuka. Hakuuliza mara ya pili. Gari likaachana na kundi kwenye kona, likateremka hadi chini kabisa, na Marla akalishika kwa sauti yake kama mtu anayemshika kipofu kiwiko barabarani. "Punguza. Punguza zaidi. Fuata mstari wa chini. Ukuta uko kulia, uko mbali. Punguza. Mafundi wako mbele, simama nikikuambia. Bado. Bado. Simama." Gari likasimama pale linapotakiwa, mafundi wakaruka na jeki zao. Marla alihisi machozi yakimshuka hadi kidevuni.

Huck alikuwa akimtazama. "Moshi gani ule, Marla?" aliuliza polepole.

Marla aliendelea kutazama kule chini.

Na ile ajali kubwa haikuja. Hilo ndilo lililomuumiza. La Cullen likiwa bado juu ya jeki, magari mengine yalizunguka mizunguko iliyobaki kwa adabu, kama yanatoka kanisani, wala hakuna aliyemgusa mwenzake. Dereva wa Huck alijishikiza kwa mwingine, akasukumwa, akashinda. Huck alipigwa mabegani na waangalizi wote, lakini kila alipocheka alikatisha, akamtazama dada aliyekuwa akizungusha nyaya za hedifoni zake mkononi.

Marla alipoingia ndani ya lori, Cullen alikuwa amekaa kwenye benchi lilelile, nywele zimelowa, helmeti iko pembeni. Kabla Marla hajamfikia, Wendell aliingia akilisukuma tairi, akalilaza sakafuni kwa kishindo.

"Nionyesheni palipoungua," alisema. "Nimelipapasa lote. Zima. Tungeshinda leo, jamani. Kwa hiyo mtu anionyeshe palipoungua."

Cullen akamtazama Marla. Yalikuwa macho ya mtu anayeomba asiambiwe.

"Moshi niliuona mimi," ilisema sauti ya mlangoni.

Bi Verna alikuwa amesimama pale, anahema kwa haraka aliyokuja nayo, darubini inaning'inia shingoni.

"Bi Verna, kwa heshima yako, nimelishika kwa mikono yangu."

"Na mimi nimeliona kwa macho yangu. Wakati huo wewe ulikuwa umeinamia makompyuta yako. Au unataka kusema mimi ni mwongo, Wendell?"

"Hapana, mama."

"Basi. Kipande cha mpira cha barabarani kilinasa, kikafuka, kikadondoka. Imeshawahi kutokea hata kwa marehemu mume wangu."

Wendell akakuna kichwa. Bi Verna alimsogelea Marla, akamwekea mkono begani. Mkono huo hakuwahi kumwekea. Akainama sikioni mwake. "Hakukuwa na jua leo, binti yangu," alinong'ona. "Usinijibu. Nyamaza tu. Kesho uje ule na sisi."

Binti yangu. Mwaka mzima Marla alikuwa akiyasubiri maneno hayo mawili. Cullen naye alikuwa ameshasimama. Alimkumbatia mbele ya wote, kwa mara ya kwanza bila kujificha, na jasho lake lilinukia petroli na mpira.

"Nisamehe," alimwambia taratibu. "Kwa muda kidogo nilidhani umenidanganya. Nikikosa sauti yako, mimi sina kitu." Akacheka kidogo, pumzi yake ikampita Marla shingoni. "Jumapili ijayo nitabandika kitambaa na gundi kabisa. Plasta haifai."

Marla alifumba macho kifuani pale. Alichotakiwa kufanya kilikuwa rahisi, kunyamaza tu. Akinyamaza ana kazi, ana mume, ana mama mkwe, ana mahali pa kula kesho. Anavyo vyote mpaka Jumapili ijayo. Aliogopa kuliko alivyoogopa pale juu, maana pale juu hakuwa na cha kupoteza ila Cullen, na hapa alikuwa akimpoteza huku amemkumbatia.

Akajitoa mikononi mwake.

"Hakukuwa na moshi," alisema, kwa sauti ya kumfikia Wendell. "Nilidanganya. Cullen anaona vitu viwiliviwili tangu siku aliyojigonga. Chukua helmeti yake, Wendell, tazama kwa ndani."

Bi Verna akakaa kwenye ngazi ya mlango wa ndani. Wendell aliiokota helmeti, akapitisha kidole kwenye kioo, na plasta iliyokuwa ikining'inia kwa ncha moja ikabaki kwenye kidole chake. Akaitazama muda mrefu.

"Umeniua," Cullen alisema.

"Cullen..."

"Ningekuamini hata ungeniambia nipite katikati ya ukuta. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Ndiyo sababu sipandi tena kule juu."

"Mwanangu," Bi Verna alianza.

"Nipisheni." Cullen aliwapita wote, akaufuata mlango wa nje. Akanyoosha mkono akishike kitasa, vidole vikafumba hewa. Akanyoosha tena, vikafumba hewa, upana wa kiganja kutoka kwenye chuma. Wendell aligeuza uso. Bi Verna alijiziba mdomo kwa kofia yake.

"Kushoto kidogo," Marla alisema taratibu.

Mkono ukaenda kushoto, ukakikuta kitasa. Cullen alikishika kwa nguvu, mgongo amewapa, mabega yanamtikisika, lakini mlango hakuufungua.